Kuchoka kazini: ni mimi au ni shule?

Pole sana, Mwalimu. Umeuliza kwa nini unaamka umechoka na kuwakasirikia wanafunzi ilhali ualimu unaupenda, na kama udhaifu ni wako. Kwa dalili ulizotaja, ningeichunguza shule kwanza.

Shirika la Afya Duniani, katika ICD-11, orodha yake ya kimataifa ya magonjwa iliyopitishwa 2019, linaeleza uchovu huu wa kazini kuwa zao la msongo sugu wa kazini usiodhibitiwa, wala haliiiti ugonjwa. Alama zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kuhisi hufanyi lolote la maana. Wingi wa vipindi huumiza, lakini huumiza zaidi ukiungana na kukosa sauti: ratiba inabadilishwa bila kuulizwa, darasa limefurika, na mkuu anakukaripia mbele ya wanafunzi. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, maana linakuvunjia heshima unayoihitaji kufundishia kesho yake.

Kwa wiki 2 andika kila siku vipindi ulivyofundisha, muda wa kusahihisha, kazi za ziada na saa ulizolala. Kisha mwombe mkuu kikao cha dakika 20, uende na ombi moja linalopimika, kwa mfano kupunguziwa zamu moja kwa wiki. Malalamiko ya jumla humfanya ajitetee. Hesabu humpa cha kurekebisha. Mlichokubaliana kiandikwe.

Huzuni ikidumu zaidi ya wiki 2, muone daktari: yaweza kuwa sonona, na likizo pekee huenda isitoshe. Ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, nenda siku hiyohiyo.