Jicho Zima Lazibwa kwa Nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu wa miaka 5 nikimziba jicho la kulia hulia na kuusukuma mkono wangu. Nikimziba la kushoto hana habari. Hospitalini ameandikiwa miwani, kisha tukaambiwa tuzibe jicho zima. Je, hatutaliharibu? Mama, Tanga.

JIBU: Marahaba, mama. Uliyoyaona ni dalili za jicho vivu: ubongo, kwa kuwa umekuwa ukipokea picha hafifu kutoka jicho moja, ama kwa makengeza, ama mtoto wa jicho, ama tofauti kubwa ya uoni baina ya macho mawili, umezoea kulitegemea lile jingine. Jicho zima huzibwa ili ubongo ulazimike kulitumia la kushoto. Miwani ndiyo hutangulia, naye aivae kutwa; wapo watoto ambao hupona kwa hiyo peke yake. Kizibo kibandikwe kwenye ngozi, chini ya miwani, maana watoto ni hodari wa kuchungulia pembeni. Udhaifu ukiwa wa wastani, saa 2 kwa siku mara nyingi hutosha, akiwa anachora au anachambua mchele pamoja nawe. Ni nadra jicho zima kufifia, na kwa kawaida hurejea, mradi msikose siku za kupimwa. Msingoje akue, kwani matibabu hufaa zaidi kabla ya miaka 7.