PNGase F na sukari ya bromelaini

Dada, umesema bromelaini yako (kimeng'enya cha nanasi) haibadiliki kwenye jeli, ile inayotenganisha protini kwa ukubwa, hata baada ya PNGase F, kimeng'enya cha kukata sukari kwenye protini, lakini tatizo si mananasi ya Mabibo wala kimeng'enya ulichonunua. Bromelaini ya shina ina mnyororo mmoja wa sukari: N-asetiliglukosamini mbili, manosi mbili, zailosi na fukosi. Hiyo fukosi imeshika N-asetiliglukosamini ya kwanza, iliyoungana na asparajini (asidi amino ya protini), kwa kifungo cha alfa-1,3. Hapo PNGase F haikati, hata uiache usiku kucha.

Tumia PNGase A, kimeng'enya kama hicho kinachokata hata penye fukosi hiyo, pH 5. Hufanya kazi vizuri zaidi kwenye peptidi fupi, kwa hiyo kata kwanza kwa pepsini, kimeng'enya kinachokata protini, kisha chemsha dakika 10 kuizima pepsini hiyo kabla ya kuweka PNGase A. SDS (sabuni inayokunjua protini) usiiweke, inaiharibu PNGase A.

PNGase F ipime kwa ribonukliesi B, protini yenye sukari ambayo huikata: ikiwa hai, mstari wa protini hiyo kwenye jeli unashuka kutoka takriban kDa (kilodaltoni, kipimo cha uzito wa molekuli) 17 hadi 14.