Mwimbaji hasikiki kwenye eafoni? Usikimbilie kununua mpya

Mkuu uliyesema eafoni zako za waya zinatoa gitaa na kinanda tu, mwimbaji anasikika kwa mbali kama anaimbia chooni, na sasa unauliza kwa elfu 80 uchukue zipi, tulia kwanza. Hapo ubora hauhusiki, ni ground (waya wa kurudishia umeme) imekatika au pini haijazama hadi mwisho.

Iko hivi, kwenye waya kuna njia ya kushoto, ya kulia, na ground ambayo zote mbili zinachangia, zenye maiki zina ya nne ndo maana pini yake ina pete nyeusi tatu badala ya mbili. Ground ikikatika umeme unatoka spika moja unapitia ya pili, kwa hiyo unachosikia ni tofauti ya kushoto na kulia basi. Sasa mwimbaji kwenye miksi nyingi anawekwa katikati, yuko sawasawa pande zote, anajifuta mwenyewe. Besi na kiki, ile ngoma kubwa, nazo hivyohivyo. Vinabaki vilivyokaa pembeni, gitaa, kayamba, na mwangwi wa sauti yake, ndo huo wa chooni unaousikia.

Kuhakikisha ni bure, ingia setingi, kwenye ufikivu kuna sauti ya mono, inayofanya kushoto na kulia vitoe kitu kilekile, iwashe halafu cheza wimbo uleule. Muziki ukinyamaza karibu wote basi ni ground, usibishane na mtu. Hapohapo cheki na kile kistari cha balansi kama kiko katikati, maana kuna watu wanatupa eafoni nzima wakidhani upande mmoja umekufa kumbe mtoto alichezea simu.

Kabla hujakata waya vua kava la simu, yale manene yanazuia pini isiingie yote. Chungulia na tundu, uchafu wa mfukoni unajishindilia mle, zima simu uutoe taratibu kwa njiti ya meno, sindano hapana. Hali ikiwa ileile, cheza muziki huku unaukunja waya kidogokidogo kuanzia kwenye pini, pale mwimbaji anaporudi ghafla ndo palipokatika, na kwa nilizozifungua mimi mara nyingi ni palepale shingoni mwa pini. Fundi simu anakata hapo anaweka pini mpya. Ila mwambie achome kwanza vanishi ya zile nyuzi, maana kila uzi umepakwa rangi na risasi haishiki juu ya vanishi, ikionekana imeshika ujue kesho inaachia. Mara nyingi nyekundu ni kulia, kijani au bluu kushoto, ya rangi ya shaba ground, lakini rangi zinadanganya, apime na mita.

Na aliyeuliza kuhusu upande mmoja kusikika chini kuliko mwingine, badilisha, ya kushoto vaa kulia. Udhaifu ukihama na eafoni, safisha kale kawavu kwa brashi kavu, ni nta. Ukibaki sikio lilelile, mkuu nenda hospitali wakakusafishe, hakuna eafoni itakayokusaidia.

Ukiamua kununua kweli, kwa mtu wa daladala chukua za kuzama sikioni zenye vimpira, na usiridhike na vimpira vilivyokuja vimevalishwa, jaribu saizi zote za kwenye boksi. Kimpira kikipwaya besi yote inavuja na utaishia kuzisema vibaya bure. Zile kubwa za wazi nyuma achana nazo, kelele zote zinaingia na jirani kwenye siti anasikiliza na wewe. Angalia ohm pia, yaani ukinzani wa umeme, kwa simu 16 hadi 32 zinatosha. Hedifoni ya Beyerdynamic DT 770 Pro kwa mfano inauzwa ya ohm 32, 80 na 250, jina moja, sura karibu moja, ukibeba ya 250 ukachomeka kwenye simu utapandisha volyumu hadi mwisho na bado itakuwa chini.

Za bluetooth sizipingi, ila jueni kwamba maiki yake ikiwaka, iwe kwenye gemu au kikao cha mtandaoni, muziki kwa kawaida unashuka ghafla unakuwa kama wa kwenye simu ya mezani. Hazijafa, zimehamia mfumo wa kupigia simu. Nenda setingi za gemu au za kikao chagua maiki ya simu au ya laptop, muziki unarudi hapohapo.