Boti yangu imekuwa nzito

SWALI: Boti yangu ya faiba, futi 14, naitumia Matema, Ziwa Nyasa. Siku hizi tezi, yaani upande wa nyuma, inakaa chini sana, na injini ni ileile. Niongeze povu la kuisaidia kuelea chini ya sakafu? – Mvuvi, Kyela

JIBU: Usiongeze kitu, ndugu yangu. Toboa sakafu karibu na injini, ingiza kijiti kikavu. Kikitoka kimelowa, povu limekunywa maji, na kila lita ni kilo nzima. La kwangu nililifumua kwa panga. Lilitoka vipande vizito kama viporo vya ugali, vinachuruzika. Kulianika ni kujidanganya. Toa lote, acha mfereji wa maji chini, kisha mimina povu la poliyurethani kidogo kidogo, maana linapata moto na kuvimba. Sponji ya godoro hapana! Na lile jeupe la kufungia televisheni huyeyushwa na petroli.