Fomu za utafiti kwa familia za wanajeshi, nijaze au niache?

SWALI: Dada shikamoo. Mume wangu yuko jeshini huku Marekani, mimi ni nesi na tumeshahamishwa majimbo kibao. Kila mwaka naletewa dodoso la Blue Star Families, lile shirika la kutetea familia za wanajeshi, refu balaa, wanauliza ajira, shule za watoto, hela ya chakula, mpaka msongo wa mawazo. Najaza weee lakini sioni kinachobadilika. Niendelee au niache? – Msomaji, Virginia

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Jaza, tena usiruke swali. Mbunge akisikia mama mmoja analalamika chakula hakifiki mwisho wa mwezi atampa pole basi, ila akiletewa majibu ya maelfu kutoka kila kambi hapo hana pa kukwepea. Hilo dodoso linafanyika tangu 2009, na kelele za njaa kwenye familia za wanajeshi zimechangia ile posho ya mahitaji ya msingi kwa wanajeshi wenye kipato kidogo, iliyoanza kulipwa Januari 2023. Ila ilianza na kasoro, posho ya nyumba ilihesabiwa kama kipato kwa hiyo wengi wenye shida kweli waliachwa nje, na ndo maana watetezi hawakunyamaza.

Ila kuchelewa kunauma, nakubali kabisa. Angalia wajane. Mwanajeshi anakatwa mshahara wake mwenyewe ili akifa mkewe alipwe pensheni, halafu mjane akipewa na fidia ya serikali kwa sababu mume kafa kwa ajili ya kazi, kila dola ya fidia ilikuwa inatolewa kwenye ile pensheni, yaani hela ambayo marehemu alishailipia! Wajane walizunguka ofisi za wabunge miaka na miaka, sheria ya kufuta hilo ikapita Desemba 2019, makato yakaisha kabisa 2023.

Na wewe nesi, hili linaweza kukuhusu: tangu Januari 2023 sheria ya nchi nzima inatambua leseni ya kazi ya mwenza wa mwanajeshi akihama kwa oda ya jeshi, ilimradi iwe hai na haina matatizo. Peleka nakala ya oda kwenye bodi ya leseni ya jimbo jipya, wakikuzungusha nenda ofisi ya sheria ya kambini. Na ukizungushwa andika kwenye dodoso, pale pa maoni: jimbo gani, umekaa miezi mingapi bila kazi, umelipa shilingapi. Usiandike tu "ilikuwa ngumu".