Msimkate Aeneas

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha tano hapa Moshi. Tunaigiza Juliasi Kaizari, mchezo wa Shakespeare kuhusu Caesar, mtawala wa Roma, nami ni Cassius, anayepanga njama ya kumuua. Kuna mahali namwambia Brutus kwamba nilimtoa Caesar kwenye mto Tiber kama Aeneas alivyombeba baba yake mzee kutoka mji wa Troy ukiungua. Mwenzetu anayeongoza mazoezi anataka tuyaondoe maneno hayo. Anadai huu ni mchezo wa historia, na Aeneas ni hekaya tu. Tufanyeje?
Cassius wa Pasua

JIBU: Marahaba mwanangu. Msiyaondoe, nawasihi.

Shakespeare aliandika mchezo huu mwaka 1599, na habari nyingi alizitoa kwa mwandishi Mgiriki Plutarch, katika tafsiri ya Kiingereza ya Thomas North ya mwaka 1579. Lakini kisa cha Tiber hakimo kwa Plutarch. Kule Caesar anaogelea Alexandria huku akishambuliwa, mkono mmoja umeinua karatasi zake zisilowe, na anavuka salama. Huyu anayelia aokolewe ni wa Shakespeare mwenyewe.

Kwa nini basi Aeneas? Ukoo wa Caesar ulijitangaza kuwa uzao wa Aeneas, mwana wa mungu wa kike Venus. Caesar alitoa hata sarafu ya fedha: upande mmoja kichwa cha Venus, upande wa pili Aeneas anatembea, baba yake kakaa begani, na jina CAESAR limeandikwa pembeni. Raia alikuwa akiishika hekaya hiyo mkononi anaponunua mkate! Sasa msikilize Cassius: anamnyang'anya Caesar babu yake. Ni kama anasema: Aeneas ni mimi, yeye ndiye kizee cha kubebwa. Hayo ni matusi mazito, na ni ya kisiasa. Mkiyakata, Cassius anabaki mwenye wivu tu.

Wala Shakespeare hakuchanganya mambo ovyo. Katika mchezo wake wa Antony na Cleopatra, mungu anayemhama Antony, jemadari wa Roma, usiku wa kuamkia vita ni Hercules, ilhali kwa Plutarch ni Bacchus, mungu wa divai. Amebadilisha kwa sababu Antony alidai Hercules ndiye babu yake, kwa hiyo anayemkimbia ni wa damu yake. Napenda sana hapo.

Mkihofia wazazi hawatamjua Aeneas, andikeni sentensi mbili kwenye karatasi ya ratiba mlangoni. Nawe ukifika kwenye jina lake usikimbie. Litamke ukimtazama Brutus usoni, maana ndiye unayemvuta kwenye njama.