Maswali na Majibu: Majivu, Karafuu na Mfalme Henry VIII

Ni kweli Waingereza wa enzi za Henry VIII walikuwa hawaogi?

Swali hili linarudi kila mara, na wanaouliza hawaoneshi wamelisoma wapi. Henry, mfalme wa Uingereza wa karne ya 16, alijengewa chumba cha kuogea katika kasri la Hampton Court. Watu wa kawaida walijifuta kwa maji na kitambaa, kisha wakabadilisha shati la ndani la kitani. Usafi wao ulipimwa kwa shati hilo.

Sabuni ilikuwa ghali. Sasa hicho kitani walikifuaje?

Hapa ndipo penye elimu. Nguo zilipangwa tabaka kwa tabaka katika pipa lenye tundu chini. Juu yake kilitandikwa kitambaa kizito, kikajazwa majivu ya kuni yaliyochekechwa, halafu maji ya moto yakamiminwa polepole. Yaliyochuruzika chini yalikingwa, yakapashwa tena na kurudishwa juu, mara nyingi. Magadi ya majivu hushika mafuta ya mwili na kuyageuza sabuni humo humo ndani ya nguo. Baada ya hapo zilipigwa kwa kibao mtoni, zikasuuzwa, zikaanikwa juu ya majani ili jua lizing'arishe. Magadi yakizidi ukali hula nyuzi. Sufu na hariri usithubutu kuzitia, zitaharibika kabisa. Atakayejaribu avae glavu na alinde macho, kwa sababu maji hayo huunguza.

Anne Boleyn, mke wa pili wa Henry, alikuwa na vidole sita katika mkono mmoja?

Hakuna aliyemwona akiwa hai aliyeandika hivyo. Habari hiyo ni ya Nicholas Sander, padri aliyekuwa uhamishoni, na kitabu chake kilichapishwa 1585. Anne alikatwa kichwa 1536, Sander akiwa mtoto mdogo. Tena alikuwa adui wa Malkia Elizabeth, binti ya Anne. Kabla ya kusambaza habari, uliza nani kaandika, lini, na alimchukia nani.

Henry VIII alioa wake wangapi?

Sita. Jambo hili liko katika kila kitabu cha historia, msilitume tena.

Jikoni kwake walitumia karafuu za Zanzibar kuficha harufu ya nyama iliyooza?

Makosa mawili kwa mpigo. Henry alikufa 1547, na mikarafuu ilianza kupandwa Zanzibar karne ya 19. Karafuu za wakati ule zilitoka visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, zikapita mikono mingi, kila mkono ukiongeza bei. Mwenye uwezo wa kununua karafuu hashindwi kununua nyama mbichi. Isitoshe, viungo haviondoi sumu ya nyama iliyooza. Mlaji angeumwa vilevile. Na London ilikuwa na sheria kali tangu karne ya 14: muuza nyama mbovu alifungwa kwenye mti wa aibu hadharani, na nyama yake ikachomwa chini ya pua yake.

Mwaka 1752 Waingereza waliandamana kudai siku 11 zao zilizopotea kalenda ilipobadilishwa?

Kalenda ilibadilishwa kweli: baada ya Septemba 2 ikaja Septemba 14. Ushahidi wa kuaminika wa ghasia haupo. Wengi wanaegemea mchoro wa mchoraji William Hogarth kuhusu uchaguzi, wenye bango la kudai siku hizo 11, na mchoro wa kejeli si taarifa ya polisi. Sheria yenyewe ililinda tarehe za malipo, ili mpangaji asidaiwe kodi ya siku ambazo hazikuwepo.